Amepewa Taarifa

Siku ya kwanza kazini nilipewa daftari, kalamu mbili na kizibao cha kijani. Mganga Mfawidhi wa zahanati ile ya Mnero akaniuliza kama ninaweza kutembea. Nikasema ninaweza. Hakuniuliza kama ninaweza kuongea. Nilikuwa na darasa la saba tu, na mbele ya watu sauti yangu iliishia kooni.

Nimefanya kazi hiyo miaka saba, na sasa nimeiacha. Mimi si mzee, ila nimechoka kama mstaafu. Naandika polepole, kwa ajili ya wasichana watakaolishika lile daftari.

Kazi yenyewe ilikuwa ufuatiliaji. Wanawake walipimwa mlango wa kizazi kwa siki. Muuguzi anapaka, anasubiri kidogo, na sehemu ikigeuka nyeupe ni dalili ya mashaka. Doa dogo lilichomwa siku hiyohiyo. Doa kubwa lilikatwa kinyama kidogo, kikapelekwa mbali kuchunguzwa. Majibu mabaya yakirudi, mwenyewe yuko shambani, hana habari. Hapo ndipo nilipotumwa.

Sista Msimamizi, mkubwa wangu, alinionya mapema. "Binti, mwambie mwenyewe. Mwambie bado si saratani, ila akikaa tu inaweza kuwa. Usiondoke hajakupa siku ya kuja."

"Ndiyo, Sista."

"Hiyo 'ndiyo' ni ya mdomoni tu. Hebu sema niisikie: mlango wa kizazi."

Nikatazama ndala zangu. Wauguzi wakacheka.

Kwetu msichana ambaye hajaolewa hamwelezi mama wa watu habari za sehemu zile. Mwenye ruhusa ni kungwi, aliyemfunda unyagoni. Kwa hiyo nilipohamishiwa Naipingo nilijitafutia njia. Nilimnong'oneza kungwi, naye akamfuata mwenyewe. Bibi Esha, kungwi wa pale, alipenda kunitania. "Wewe mwali una miguu, mimi nina mdomo. Wawili sisi ni mtu mmoja mzima." Wanawake walikwenda kutibiwa. Sista akanisifu, nami sikumwambia siri yangu.

Kisha nikapelekwa Mkotokuyana, kwa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Kadi niliyopewa ilikuwa ya Mama Shija, mama wa watoto wawili. Nilitembea asubuhi nzima. Nilimkuta anasonga ugali, akanisalimia kwa furaha. Lakini wale hawana kungwi. Nikaangalia nani mkubwa pale, nikamwendea mama mkwe wake, aliyekuwa akisukasuka kibuyu cha maziwa.

"Mama, majibu ya mkweo si mazuri. Ni ya kizazi. Aende hospitali ya wilaya."

"Kizazi kimeharibika?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumwita mwenyewe, alikuwa hatua kumi tu.

"Kidogo, mama."

Akanijazia chupa ya maziwa. Nikashukuru. Kwenye daftari nikaandika: Amepewa taarifa.

Wiki tatu zikapita, Mama Shija hakutokea hospitali. Sista akanirudisha kule. Mama mkwe hakunikaribisha kiti.

"Tumemrudisha kwao. Mwenye kizazi kibovu atakaa hapa afanye nini? Si wewe ulisema?"

Mume alikuwa amepeleka ng'ombe upande wa Ruangwa, na simu yake haikupatikana. Nilimtafuta minada mitatu. Kwenye mnada wa tatu nilimwona katikati ya wanaume na ng'ombe, na nikajua nikimsubiri atoke pembeni nitanyamaza tena. Nikasema palepale, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe.

"Mkeo ana ugonjwa unaoanza kwenye mlango wa kizazi. Ukiwahiwa unatibika. Mrudishe!"

Mmoja akacheka. "Leo wanauza na wake?"

Mume hakucheka. "Mama aliniambia kizazi kimekufa."

"Hakijafa. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Kesho yake alipanda basi kwenda kwa wakwe zake, kanda ya ziwa. Lakini alimkuta mkewe kwa mganga wa mitishamba, ndugu wakakataa kumtoa, na waliporudi huku mahindi yalikuwa yameshavunwa. Daktari wa wilaya alimpima tena, akaandika rufaa ya Dar, kwenye matibabu ya mionzi.

Nilikaa na Mama Shija kwenye benchi akisubiri barua. Hakunigombeza.

"Mdogo wangu," akasema, "siku ile nilikuona. Nilidhani umefuata maziwa."

Bado anakwenda Dar na kurudi. Akipita Nachingwea hunipigia, na huwa tunaongea habari za watoto.

Mwezi uliopita nilikabidhi kizibao kwa msichana mgeni, mwenye aibu kama yangu. Kabla sijampa daftari nililifungua, nikatafuta mstari wa Mama Shija. Nikayakata maneno yangu kwa mstari wa rula, taratibu, ili yaendelee kusomeka. Juu yake nikaandika: Hakuambiwa.