Kitabu Kilichorudishwa Mahali Pake

Pale maktaba walimwita Dada Jaribu, na jina lenyewe alijitafutia. Tovuti yoyote mpya ikitokea huko mitandaoni, ikidai kwamba inawarahisishia kazi watu wa maktaba, yeye ndiye wa kwanza kuifungua, kujiandikisha, kubuni nywila na kuisahau kabla ya chai ya saa nne. Kompyuta yake ilifunguliwa kurasa nyingi kwa mpigo hata feni yake ikawa inavuma mchana kutwa. Mwenyewe naye hakuwa na mshipa wa kukaa. Akiketi, goti linatikisika. Akisimama, anapekua simu. Ukimsimulia jambo anaitikia "eeh, eeh," macho yako kwenye skrini, na baadaye hakumbuki hata nusu ya ulichosema.

Tusimwonee lakini. Mengine aliyoyaleta yalifaa. Yeye ndiye aliyepata tovuti ya kuchapisha lebo za vitabu, wenzake wakaachana na kuandika kwa kalamu na kuchafua vidole. Ila ndiye pia aliyeleta ile roboti ya kujibu maswali ya wasomaji. Siku ya kwanza tu, mzee mmoja aliiuliza choo kiko wapi, ikampendekezea vitabu kuhusu usafi wa mazingira na kumtakia usomaji mwema. Mlinzi wa mlangoni alicheka hadi akashika mbavu, na mzee wa watu akaonyeshwa njia kwa kidole.

Mama yake mzazi alikuwa akija naye kazini. Baba alipofariki, mama alihamia kwa bintiye, na ile nyumba tupu ya mchana ikamshinda. Basi asubuhi wanatoka pamoja, binti mbele mbiombio, mama nyuma na mkoba wake, akiitwa kila baada ya kona afanye haraka. Wakifika, mama anakwenda zake kwenye kiti cha dirishani, kule mwisho wa ukumbi karibu na rafu za hadithi, na binti anakuwa na amani kwamba mama yuko pale, hana shida. Akipita na vitabu mkononi anampungia. Mama anafanya nini pale kutwa nzima, hilo hakuwahi kujiuliza. Atakuwa anapumzika, alidhani, au anatazama picha za magazeti.

Kisha mkuu wa maktaba akatangaza kwamba kompyuta za wasomaji zinakuja, zile ambazo Dada Jaribu alikuwa ameziomba kwa muda mrefu mpaka watu wakachoka kumsikia. Ili zipate pa kukaa, ilibidi rafu nyingi ziondoke.

"Vitabu visivyosomwa vitupishe," mkuu alisema. "Kazi ni kujua kipi kinasomwa na kipi hakisomwi."

Dada Jaribu alikuwa ameshanyoosha mkono. "Niachie mimi, bosi. Kuna programu nimeiona."

Na programu ilikuwa nzuri, lazima tuseme ukweli. Kila kitabu kina mistari ya msimbo nyuma. Kikiazimwa, kinapitishwa kwenye skana. Kikisomewa mle mle ndani, msomaji anakiacha mezani, na jioni mfanyakazi anakipitisha kwenye skana kabla ya kukirudisha rafuni. Programu inazihesabu safari zote hizo, kisha inakipaka kitabu rangi kwenye skrini: kinachosomwa sana ni kijani, kinachosomwa kidogo ni njano, kisichoguswa ni chekundu. Ndiyo maana kila meza ilikuwa na tangazo ambalo Dada Jaribu aliliandika kwa mkono wake: TAFADHALI USIRUDISHE KITABU RAFUNI. KIACHE MEZANI.

Hesabu ya miezi kadhaa ilipokamilika, alizifurahia zile rangi kupita kiasi. Aliita wenzake waje waone. Alikwenda rafu hadi rafu na simu mkononi, akiita vyekundu, na wenzake wakivichomoa na kuvitia kwenye maboksi bila hata kuvifungua, maana alikuwa anawaharakisha. Lori la wanunuzi wa karatasi chakavu likaja likajaza, likaahidi kurudia maboksi yaliyobaki. Jioni ile alirudi nyumbani roho kwatu, na njiani alikuwa ameshaanza kusoma habari za tovuti nyingine.

Kesho yake asubuhi, akiwa kaunta, alimwona mama yake amesimama mbele ya rafu ya hadithi. Alipapasa mahali palipokuwa wazi. Akainama akatazama rafu ya chini, akainuka akatazama ya juu, halafu akaja kaunta taratibu.

"Mwanangu, kile kitabu changu mmekihamishia wapi?"

"Kitabu gani, mama?" Macho yake hayakutoka kwenye skrini.

"Kile kinene, kisicho na jalada la mbele. Taa ya Chumba cha Nyuma."

Vidole vya Dada Jaribu vikasimama juu ya kibodi. "Wewe huwa unasoma?"

"Kwani unadhani nakuja hapa kuhesabu vioo vya dirisha?"

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie kwako. Nasoma polepole, macho yenyewe ndiyo haya. Zilibaki kurasa chache tu nimalize. Jana niliishia pale mgeni ameshika kitasa cha mlango, anataka kwenda kumwambia."

"Kumwambia nani?"

"Si mama mwenye nyumba!" alisema mama, kana kwamba hilo linajulikana na dunia nzima.

Dada Jaribu aliandika jina la kitabu. Kilitokea mara moja, chekundu, na pembeni yake maneno kwamba hakijawahi kusomwa. Boksi lake lilikuwa miongoni mwa yaliyochukuliwa jana.

"Mama, mbona mashine inasema hakijaguswa na mtu?"

"Hiyo mashine imekaa na mimi pale dirishani?"

"Sasa ukimaliza kusoma ulikuwa unakiweka wapi?"

"Mahali pake. Pale nilipokitoa."

"Na tangazo je? Si liko mbele ya pua yako kila siku?"

"Nimeliona, mwandiko wako naujua. Nikasema hilo ni la watu wasiojua mahali pake, wasije wakavuruga. Mimi mahali pake napajua. Tena nikuachie wewe kazi ya kunirudishia kitabu, unavyotoka hapa umechoka vile?"

Dada Jaribu alifungua na kufunga droo isiyokuwa na kitu. Mwishowe alimweleza mama yake kitabu kilikokwenda, na hakumtazama usoni alipokuwa anamweleza.

Mama alisema, "Basi, haidhuru." Akarudi kiti chake cha dirishani, akaketi, mikono juu ya mapaja, bila kitu cha kusoma.

Laiti angegomba. "Haidhuru" ile ndiyo aliyoitoa watu walipokuja kumpa pole ya baba, na bintiye alijua imebeba nini. Dada Jaribu alijiona mdogo, akajichukia. Alipiga simu kwa wanunuzi wa karatasi. Waliopokea walimcheka kistaarabu, wakamwambia mzigo wa jana umeshalowekwa na kusagwa utengenezwe katoni za mayai, labda anazihitaji.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu, akasema kosa lake bila kuzungukazunguka, na akaomba maboksi yaliyobaki yasiguswe.

"Kwa ajili ya kitabu kimoja?" mkuu aliuliza.

"Tunajuaje kama ni kimoja, bosi? Wako wangapi wenye adabu kama za mama?"

Mkuu alikuna kidevu, akakubali shingo upande. Maboksi yakabaki ukumbini, na kompyuta zikaambiwa zisubiri.

Ndipo ukaanza msako. Dada Jaribu alifungua kila tovuti aliyowahi kuijaribu na nyingine ambazo hakuwahi kuzisikia. Aliingia kwa wauza vitabu vikuukuu, akaingia kwenye orodha za maktaba za mbali, akaingia kwenye vikundi vya wasomaji wanaogombana usiku na mchana kuhusu hadithi gani ni bora. Tovuti moja ilikataa nywila yake, ikamtaka athibitishe kwamba yeye si roboti, na alikaribia kuitukana. Nyingine ilimletea kwa furaha taa za kusomea za kila aina, pamoja na balbu. Alitafuta kwenye foleni ya benki. Alitafuta huku akikoroga chungu, kikaungua. Goti lilitikisika mpaka meza ya kaunta ikawa inagongagonga, na wasomaji wakamtazama.

Mama hakumuuliza kama amepata. Alikuja naye kila asubuhi, akakaa palepale, akatazama nje. Aliletewa kitabu kingine, akakipokea kwa shukrani na kukifungua, lakini ukurasa haukugeuzwa. Dada Jaribu aliona, maana sasa alikuwa anatazama.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakupategemea, kwenye kikundi kimoja cha watu wa maktaba alichojiunga siku nyingi na kukitelekeza. Mwanamke wa maktaba ya mji wa mbali aliandika: "Dada, hicho tunacho. Kimechoka sana, hatukiazimishi nje. Ila nikipiga picha kurasa za mwisho, si mama atamalizia?" Na kabla Dada Jaribu hajamaliza kuandika asante, picha zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, kurasa za rangi ya chai na kidole gumba cha mtu asiyemjua kikizibana pembeni.

Alikimbia. Alikatiza ukumbi mzima mbio, akapita chini ya tangazo lake mwenyewe linalokataza kukimbia, akafika dirishani anahema.

"Nimepata, mama! Mwisho wote uko humu!"

Mama aliipokea simu kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Alipoigusa, maandishi yakaruka; alipoigusa tena, yakawa madogo kama chawa. Akamrudishia.

"Yananikimbia. Nisomee wewe."

Dada Jaribu alianza palepale, bado amesimama, kwa kasi ya mtu aliyeacha bomba linamwaga maji. "'Mgeni alikishika kile kitasa, akasita, akamsikia mama mwenye nyumba anakohoa upande wa pili...'"

"Ngoja kwanza. Huyo mgeni unamjua?"

"Simjui."

"Unajua alichomfanyia yule mama?"

"Mama, si nisome tu upate mwisho wako?"

"Utanisomeaje maneno ya mtu usiyemjua? Unasoma kama mtu anayeita namba za foleni. Kaa hapo nikusimulie, ukishawajua ndipo unisomee."

"Yote?"

"Yote."

Dada Jaribu alitazama kaunta, akatazama saa ya ukutani, akatazama simu ambayo ilikuwa inamtetemekea mkononi kwa ujumbe wa mkuu. "Mama, siku zote hizi unasoma, kwa nini hukuniambia?"

"Ungekaa lini nikuambie?"

Hakuna hasira iliyokuwa katika swali hilo. Mama aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na bintiye alitafuta siku moja ya kumtajia, akaikosa. Machozi yalimlengalenga. Jioni hiyo, wasomaji walipotoka, alivuta kiti, akakaa.

Mama alianza mbali. Alianza na yule mama mwenye nyumba ya wageni alipokuwa binti, na nyumba yake ya kwanza, na moto ulioiteketeza. Akaja kwenye nyumba ya pili, iliyojengwa kwa tabu, na mgeni aliyeomba chumba cha nyuma kwa usiku mmoja akakaa miaka. Mgeni huyo alitengeneza paa, akachimba kisima, na kodi alilipa kabla ya kudaiwa. Akamweleza kwamba msomaji anajua jambo ambalo mama mwenye nyumba halijui: mgeni huyo ndiye aliyeisahau taa inawaka, usiku ule wa moto, akiwa kijana anayepita njia. Goti la Dada Jaribu lilitikisika wakati wote. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye simu, na mara zote mbili mama alinyamaza mpaka mkono uliporudi. Mlinzi aliyekuja kufunga madirisha alisimama na ufunguo mkononi, akasahau kufunga.

"Sasa anakaa hapo kwa mapenzi au kwa kulipa deni?" mlinzi aliuliza.

"Hata yeye hajui," alisema mama. Akainuka, akachukua mkoba wake. "Kesho tena. Sauti imenikauka."

"Mama!" Dada Jaribu aliruka kitini. "Huwezi kutuacha hapo. Kwani yule mama hashuku kitu? Miaka yote hiyo?"

"Nimesema kesho. Hatujafika hata nusu."

Mwisho wote ulikuwa mkononi mwa Dada Jaribu. Aliwasha skrini, na ukurasa wa kwanza ukatokea, pale kwenye kitasa cha mlango. Kidole kilimwasha. Alikisogeza karibu na picha ya pili, akakirudisha, akakisogeza tena. Halafu akaizima simu na kuitumbukiza ndani ya mkoba wa mama yake.

"Nishikie wewe, nisije nikachungulia."

Mama aliufunga mkoba, akaubana kwapani, akashika njia. Mlinzi alifunga mlango nyuma yao, na barabarani mama alitangulia, wala hakuonekana kuwa na haraka na mtu. Dada Jaribu alimfuata nyuma akijikwaa, mikono mitupu haijui pa kukaa.

"Niambie tu kama alijua. Hilo tu, mama. Yule mama alijua?"

"Kesho, mwanangu," mama alijibu bila kugeuka. "Ukikaa."