Siku Tatu Bila Kupima

Mimi kukaa sijui. Hata sasa ninavyoandika nimeshainuka mara mbili, mara ya kwanza kuzima jiko, mara ya pili kuhakikisha nimelizima. Mama husema nilizaliwa nikitafuta viatu. Ajabu ni kwamba mshahara wangu unatokana na kukaa na kuwatazama ng'ombe.

Napima msongo wa wanyama. Tunakwenda magharibi ya Mlima Meru, kwenye maboma ya wafugaji, tunaangalia ng'ombe yupi anampiga mwenzake pembe wakati wa kunywa maji, kisha tunaokota kinyesi chao na kukipeleka maabara kuona homoni za hofu na hasira zimepanda kiasi gani. Watu hucheka, msomi mzima anazoa mavi kwa kijiko. Lakini kazi ina sheria, na ya kwanza ni hii: siku tatu za mwanzo hupimi chochote. Unakaa tu mpaka wakuzoee. Ng'ombe akilala akacheua mbele yako, hapo ndipo unaanza, maana kabla ya hapo unachopima ni hofu ya kukuona wewe. Nimewafundisha vijana wengi sheria hiyo, tena kwa ukali.

Mwaka jana presha ya mama ilianza kunitia wazimu. Anaishi peke yake Usa River, nyumba yenye migomba nyuma na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, mkaidi. Kila Jumapili nilitoka kwangu Levolosi na mashine ya presha mkobani. Shikamoo mama, marahaba, na kabla hajamaliza kuitikia nilishamfunga mkanda mkononi. Kila Jumapili namba ilikuwa juu, na mimi nikapanda juu kuliko hiyo namba. Umekula chumvi? Dawa umemeza? Nani kakuruhusu kubeba majani kichwani? Macho ya mama yalikuwa mlangoni.

Nikaamua mkosaji ni ng'ombe. Mwanamke wa umri ule aamke alfajiri, akate majani, akamue, afagie banda, presha itashukaje? Nikamwambia nimepata mnunuzi wa Kwa Mrombo, atakuja Jumamosi.

Mama aliweka kikombe chini taratibu. "Huyo ndiye anayeniamsha," alisema. "Mkimwondoa nitaamkia nini?"

Nilimjibu kwamba bora yeye aamke bila ng'ombe kuliko ng'ombe aamke bila yeye. Neno lile linanichoma hadi leo.

Alhamisi nikachukua ruhusa kazini, nikaenda kumaliza shughuli. Nilimwambia mama apumzike, leo nakamua mimi. Nikaosha chuchu, nikapaka mafuta, nikavuta. Kikombe kimoja, basi. Nikavuta tena kwa nguvu, akanitupia teke na ndoo ikaenda zake. Alikuwa amebana maziwa. Nalijua hilo vizuri, mnyama akiingiwa na hofu maziwa hayashuki, nimelisomea na mitihani nimefaulu. Mama akaja, akanisogeza kwa kiwiko, akaegemeza kichwa ubavuni mwa yule ng'ombe na kuanza kuimba pambio kwa sauti ya chini. Ndoo ikajaa.

"Hana tatizo," alisema bila kunitazama. "Ukija wewe ndiyo anabana."

Nilikuwa nafungua mdomo nibishe, akaendelea, "Nenda ndani kwenye Biblia yangu, kuna kadi ya zahanati. Isome."

Nikaenda mbio, kama kawaida yangu. Kila Jumanne mama hupeleka maziwa zahanati ya kanisa, na nesi humpima kabla hajarudi nyumbani. Miezi mitano ya Jumanne ilikuwa imeandikwa pale kwa kalamu ya bluu, na namba zote zilikuwa nzuri. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Mama alikuwa mzima siku zote isipokuwa Jumapili.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ungeniacha niseme?"

Nilisimama na ile kadi, nikaona aibu ya msomi na aibu ya mtoto kwa pamoja. Mimi, mwalimu wa siku tatu, sikuwahi kumpa mama yangu hata dakika tatu. Nilimpigia mnunuzi nikamwambia asije, akanitukana kidogo, nikakubali. Nikaomba ruhusa hadi Jumatatu. Mashine nikaifukia chini kabisa ya mkoba, nikavuta kigoda, nikakaa.

Jamani, nilikoma. Siku ya kwanza niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, mama akasema, "Kaa." Siku ya pili mguu wangu ulitikisika hadi meza ikacheza, lakini tulikula bila mimi kuuliza habari za chumvi, na mama akanisimulia habari za majirani hadi chai ikapoa.

Jumamosi mchana tulikuwa kibarazani tukichambua maharage. Ng'ombe alikuwa amelala chini ya migomba, anacheua. Mama alikuwa katikati ya hadithi ya harusi fulani, sauti ikapungua, kidevu kikashuka kifuani, mikono ikalegea juu ya ungo. Akaanza kukoroma. Tangu nianze kubeba ile mashine nilikuwa sijawahi kumwona mama akisinzia mbele yangu.

Mkoba ulikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Mikono iliniwasha, nikaikalia.