Maziwa ya Mbuzi wa Makaburini

Juzi nilipita makaburi ya zamani kule Pumwani, nikaona mbuzi wakila nyasi kati ya mawe. Nikakumbuka kikombe kimoja cha maziwa.

Nilikuwa mdogo. Jirani yetu Mama Nduku alikuwa amenipa maziwa ya mbuzi wake, yananukia moshi, nikamaliza kikombe. Ndipo Wambui, binti wa fundi viatu, akaniambia, "Huyo mbuzi hulishwa makaburini. Sasa umemnywa Mzee Kilonzo."

Mzee Kilonzo, mume wa Mama Nduku, tulikuwa tumemzika pale majuzi tu. Nikaketi mlangoni nimeshika tumbo, nasikiliza kama atakohoa, maana alikuwa mtu wa kukohoa sana. Nilijua atanimaliza kutoka ndani.

Mama Nduku akanikuta nalia. Nikamweleza.

"Huyo, mwanangu? Alichukia maziwa maisha yake yote. Angeingia humo kutafuta nini?"

Akajimiminia kikombe, akanywa chote mbele yangu. Siku hizi naelewa kwamba kulisha mbuzi kulikuwa njia yake ya kwenda kuketi na mumewe. Siku ile nilichojua ni kwamba tumbo lilikuwa langu peke yangu tena, nikalala pale pale mlangoni.