Kapenta wa Mshenga na Mbwa wa Bibi

Kifuko kimoja cha kapenta kilitugharimu ng'ombe mzima, na hapo sijahesabu blanketi. Naona aibu kuisimulia, ila hapa Tunduma kila mtu anaisimulia kivyake (wapo wanaosema eti nilimng'ata mbwa), afadhali muisikie kwangu.

Mpwa wangu Elia alipotaka kumuoa Tusekile wa kule Isongole, ukoo ulinichagua mimi niwe mshenga, na hawakukosea, maana nauza vitenge hapa mpakani na sijawahi kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa, hata ya kunyoa nywele. Tulipofika uani kwao tukapokewa na mbwa wa bibi yake Tusekile, anaitwa Kamanda, meno nje, na mshenga hawezi kuingia kwa wakwe huku anakimbizwa, basi nikatoa kapenta wangu wa kukaanga (wale dagaa wa upande wa Zambia, chumvi yake ukitafuna unakumbuka mto), nikammwagia kiganja kimoja, mkia ukacheza, nikaongeza cha pili, na cha tatu cha shukrani.

"Mjomba, mbwa anakula chumvi yote hiyo?" Elia akauliza.

"Kama mimi nakula, yeye ni nani?"

Ndani mambo yalikwenda vizuri mno. Baba mkubwa wa binti alianza na ng'ombe wanane, nikasifia migomba yao, wakawa saba, nikalalamikia bei ya dawa za mifugo, wakawa sita, kisha nikakaa kimya kirefu (kimya ni silaha, nawafundisha bure) wakawa watano. Lilibaki blanketi tu, maana kwenye ukoo ule bila bibi kufunikwa blanketi hakuna makubaliano, na mshenga hainuki mkekani mpaka bibi afunikwe.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa hapohapo, namwona Kamanda kupitia mlangoni. Akamaliza maji ya kuku. Akamaliza maji ya wageni ya kunawa. Akatumbukiza kichwa kwenye ndoo ya togwa, halafu akaja anayumba mpaka katikati yetu na kutapika juu ya blanketi, jipya, la maua.

Baba mkubwa akasimama. "Huyu kalishwa sumu. Kuna watu wanatuandalia wizi. Leteni maziwa, mshikeni mdomo tumnyweshe."

Bibi alikipakata kile kichwa. Tangu babu afariki, ni Kamanda anayelala mlangoni pake. Nami nilikuwa bado napiga hesabu (nikisema, ng'ombe wanarudi wanane, nikinyamaza, mbwa anapaliwa na maziwa) pale Kamanda alipojivuta hadi kwangu, akaingiza pua kwenye mfuko wa koti langu na kutoa kifuko cha kapenta, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

"Mshenga," bibi akasema taratibu, "umempa nini mbwa wangu?"

Nikasema. Tusekile akampigia bwana mifugo, simu ikawekwa sauti ya nje, na yule bwana akatueleza kwamba chumvi ya namna hiyo si ya mbwa, kidogo inampa kiu na kumtapisha, nyingi inaweza kumuua, msimnyweshe kitu kwa nguvu, mwekeeni maji kidogo kidogo, nakuja.

"Kala kiasi gani?" akauliza.

"Viganja vitatu," nikajibu.

"Una hakika?"

"Nilihesabu mara mbili."

Alasiri, bwana mifugo akiwa ameshaondoka, Kamanda alikuwa amesimama ananibwekea upya. Baba mkubwa akasema, "Tunarudi kwenye wanane."

Nikiwa bado mkekani, blanketi linanuka magotini, nikamwambia, "Baba, mbwa mzima, na sasa mnajua mshenga wenu hadanganyi hesabu." Kisha nikanyamaza, kile kimya changu.

Bibi ndiye aliyekivunja. "Sita. Huyo mmoja wa ziada ni wa Kamanda. Na blanketi lingine."

Ng'ombe wawili niliwaokoa juu ya matapishi, nionyesheni mshenga mwingine wa hivyo hapa mjini. Siku hizi mbwa wa watu nampa salamu tu, kapenta natafuna mwenyewe. Ila Elia anadai ng'ombe wa sita ni wangu kwa sababu alinionya, nami nadai ni wake kwa sababu mke ni wake. Nyie mnaojua mambo ya ukoo, naombeni ushauri: nani anamtoa? Hata nusu kwa nusu nitakubali, kwa kuanzia.