Kushoto ya Maji

Shangazi yangu ndiye anayefungua na kufunga malango ya mfereji wetu. Watu wanamwita Mama Funguo. Kazi hiyo kaifanya miaka kumi na minane, kwa jua na kwa mvua. Mimi naishi kwake tangu nilipoishia darasa la tano, na kila asubuhi natoka naye. Tunaanzia chanzoni, tunashuka mpaka mwisho.

Mwaka huu nusura anyang'anywe kazi. Karani mpya wa kamati ya maji alimtumia ujumbe: "Fungua lango la tatu kushoto." Akafungua. Maji yakaingia kwenye kitalu cha mzee tunayemwita Baba Vitunguu, yakasomba miche yote. Kumbe aliyekuwa na zamu ni jirani yake wa ng'ambo, ambaye mahindi yake yalikuwa yameshajikunja kwa kiu.

Kikao kikaitwa pale pale, kwenye daraja la lango la tatu.

"Huyu mama kazeeka," Baba Vitunguu akasema. "Hajui kushoto wala kulia. Funguo apewe mwingine!"

Karani akaitikia kwa kichwa. Wengine wakaguna, na nikaona kuna waliokubali. Shangazi akapangusa mikono kwenye gauni, akasogea katikati ya daraja.

"Haya jamani, kila mtu anyooshe mkono upande wa kushoto wa mfereji."

Mikono ikanyooshwa. Wanaokaa juu wakaelekeza huku, wanaokaa chini wakaelekeza kule. Mkono wa karani ukatua kwenye tumbo la Baba Vitunguu.

"Lo! Mfereji mmoja, kushoto mbili!" akasema mama mmoja, watu wakacheka mpaka karani naye akacheka.

"Karani anatokea chini," shangazi akasema. "Akija kazini anaupanda mfereji. Mimi naushuka. Kushoto kwake ndiko kulia kwangu. Karani wa zamani alitokea juu kama mimi, ndiyo maana hatukuwahi kukosana."

"Basi tuyaite malango kwa majina ya wenye mashamba," kijana mmoja akadakia.

"Kuna shamba hapa limeuzwa mara tatu, mwanangu. Nishike jina la nani? La marehemu au la mnunuzi?"

Watu wa juu wakataka kushoto yao ifuatwe, wa chini wakataka yao. Kelele zikapanda. Shangazi akangoja zishuke.

"Sisi tunakwenda na kurudi," akasema. "Maji hayarudi. Tuyafuate yenyewe. Kipe kisogo chanzo, tazama yanakokwenda. Kushoto kwako hapo ndiyo kushoto. Na hesabu ianzie chanzoni, kama siku zote."

"Kwa hiyo kosa ni langu?" karani akauliza.

"Si lako, si langu. Hatukuwahi kukubaliana."

Karani akafungua daftari, akaandika. Mkono wa mwisho kunyooshwa kukubali ulikuwa wa Baba Vitunguu, na aliunyoosha baada ya wenye vitalu kuahidi kumpa kila mmoja tuta moja la miche. Mimi kichwa kilinivimba kana kwamba niliyesema ni mimi.

Wiki ile tulipaka maandishi meupe kwenye zege la kila lango: KUSHOTO 1, KULIA 1, mpaka KULIA 27. Herufi niliandika mimi. Shangazi alisimama nyuma yangu akikagua, na moja iliyopinda nikaifuta.

Siku ya pili baada ya kumaliza kupaka, karani akatuma ujumbe wa maneno mawili: "Kulia tatu." Shangazi akafungua bila kumpigia mtu simu. Maji yakaenda moja kwa moja kwenye mahindi.

Baba Vitunguu alikuwa kwenye kitalu chake, anapanda miche aliyopewa. Akasimama, akayatazama maji yakipita upande wa pili.

"Zamu yangu lini, dada?"

"Kesho asubuhi. Kushoto tatu."

"Nifungulie wewe mwenyewe," akasema, akainamia miche yake.