Mishipa ya Macho ya Oliva

Oliva alikwenda hospitali kutafuta miwani, basi. Maharage yake pale sokoni yalikuwa yameanza kumchezea shere: ya njano na ya kahawia anayaona mamoja, na wateja wa Songea hawana simile. Daktari wa macho akamtia matone, akamulika ndani, akarudia kumulika mpaka mama wa watu akaingiwa na hofu.

"Mama, miwani utapata," alisema. "Lakini mishipa ya damu humu imesinyaa, mingine inaibana iliyo jirani nayo. Machoni ndiko tunakoiona bila kumpasua mtu. Ikiwa hivi huku, mara nyingi hata ile mikubwa ya mwilini imekakamaa. Presha hii ni ya miaka. Kwenu kuna aliyeanguka ghafla?"

"Kaka yangu Aidan. Mdomo ulikwenda upande, mkono ukafa. Hakumaliza siku mbili."

"Alikuwa analalamika kichwa, anaona ukungu?"

"Sana."

"Sikumpima, siwezi kuapa. Ila hicho kinafanana na kiharusi, na presha huandama ukoo."

Hapo Oliva akakumbuka maneno yake mwenyewe. Maana siku ile aliyoanguka, miaka mingi nyuma, Aidan alikuwa ametoka kunywa togwa kwa jirani yao Mwamvua, na nani alisimama msibani akasema togwa ile ina mkono wa mtu? Oliva huyu huyu. Ulimi hauna mfupa, jamani. Watu hawakuuliza mara mbili. Mtaa mzima ulimsusa Mwamvua, hata wanawe wakakosa wa kucheza nao.

Alichukua vidonge vyake vya presha akaenda moja kwa moja kwa Mwamvua. Aliogopa hiyo mishipa isije ikapasuka kabla hajasema.

Alimkuta anaanua nguo. Akapiga magoti pale pale uani, akaeleza yote huku analia, maneno ya daktari na yake mwenyewe. "Nisamehe, dada. Nilikuzushia."

Mwamvua alimsikiliza hadi mwisho, anakunja shuka.

"Na daktari asingekumulika macho, mimi ningekuwa nani kwako?"

Jibu Oliva alikuwa nalo, na lilimtia aibu.

"Nenda basi kawaambie wale uliowaambia," alisema Mwamvua.

"Wengi wameshakufa, dada."

"Najua. Wamekufa wananijua mchawi." Akageuka kuanua nguo zilizobaki.