Ukurasa Usiokuwa na Picha ya Rais

Gazeti lililolowa damu ya ng'ombe lina harufu yake, na mtu aliyekulia kando ya buchari haisahau hata aogeshwe kwa sabuni ya bibi harusi. Ni harufu ya wino na chuma, na chini yake kuna mafuta ya figo yaliyoganda kwa baridi ya asubuhi. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo, Soko la Burma, ambako baba yangu alikuwa na buchari ndogo ya mabati. Baba alikata, mama alifunga. Siku hizo nyama haikutiwa mfuko, ilifungwa kwa gazeti, na fundi wa kufunga alijulikana kwa jinsi ambavyo damu haikumchuruzikia mteja mpaka afike kwake. Mama alikuwa fundi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikia nikizungumzia hotuba za marais huuliza bibi aliyeacha shule darasa la nne maneno hayo ameyatoa wapi. Nimeyatoa kwenye nyama, na sioni haya.

Magazeti yenyewe yalitoka Buruburu, kwa wafanyakazi wa serikali, watu waliosoma gazeti kila siku na kulikunja vizuri kama shati. Wake zao waliyakusanya, na kila Jumamosi mama na mimi tulikwenda kuyanunua kwa kilo, tukayabeba kichwani kufuata Jogoo Road mpaka sokoni. Baba aliyapima tena kwenye mizani ile ile ya nyama, maana hakumwamini mtu anayevaa viatu ndani ya nyumba. Kisha ilifuata kazi ya kuyachambua. Soko zima lilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukurasa wenye picha ya Rais haufungi nyama. Rais akikata utepe, weka kando. Rais akipanda mti, weka kando. Hata akionekana kisogo tu ndani ya gari, weka kando, usije ukaulizwa kwa nini Mtukufu ana damu ya mbuzi shingoni. Kuna watu waliokwishaulizwa, na majibu yao hayakuwatosha waulizaji.

Shida ilikuwa kwamba ukurasa uliowekwa kando hauna pa kwenda. Kuuchoma ni kumchoma Rais. Kuutupa ni kumtupa. Kwa hiyo mama alizitia picha zote ndani ya katoni, na katoni ikijaa inasukumwa chini ya kitanda nilicholalia na ndugu zangu. Tulilala juu ya Rais miaka mingi. Jirani yetu wa soko, Mama Halima aliyeuza matumbo kibanda cha pili, alikuwa akimtania mama kila akija nyumbani. "Huyo mgeni wenu wa chini ya kitanda," atasema, "hajaondoka tu? Anakula nini?" Mama anamwambia apunguze sauti, ukuta ni wa mbao. Halafu wote wawili wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nimesikia watu wakisema enzi zile hatukucheka. Tulicheka sana, ila tulitazama mlango kwanza.

Sasa nirudi kwenye hotuba, maana ndiyo iliyonileta hapa. Sikukuu ya taifa ikifika, Rais alihutubia uwanjani, na maneno yake yalichapwa ili yasomwe kwa watu wasiofika. Kwetu aliyeyasoma alikuwa Mwenyekiti wa tawi la chama. Sitamtaja jina, ana wajukuu na hawana kosa. Alikuwa mtu wa koti zito hata jua likiwaka, na alikuwa na sauti nzuri, hilo nitampa, sauti ya kusomea watu. Tulisimama uwanjani mwa tawi, akasoma salamu, akasoma habari za umoja na amani, akasoma jinsi kila raia anavyopaswa kufanya kazi kwa bidii. Akifika hapo alikuwa akipindua kurasa zilizobaki kwa kidole kilicholowekwa mate, anasema, "Na mengineyo," tunapiga makofi, tunakwenda zetu. Mwaka hadi mwaka. Mimi nilidhani kwamba Mengineyo ndilo jina la mwisho wa kila hotuba, kama vile Amina ilivyo mwisho wa sala.

Mwaka ule nitakaousimulia, wiki kadhaa baada ya sikukuu, magazeti ya Buruburu yalikuja na hotuba nzima ndani yake. Ilikuwa imejaza kurasa kadhaa. Ule wa kwanza ulikuwa na picha ya Rais ameinua mkono, ukaenda chini ya kitanda. Kurasa zilizofuata zilikuwa maandishi matupu, safu kwa safu, bila uso wa mtu. Mama alijua kusoma Biblia kwa kuifuata kwa kidole, lakini kuchambua magazeti hakukuwa kusoma, kulikuwa kutafuta uso. Hakukuwa na uso. Ukurasa ukaingia kwenye rundo la kufungia, na Jumamosi jioni Mwenyekiti mwenyewe alipokuja kununua mbavu, mama akamfungia humo, kwa ufundi wake wote, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jumapili buchari ilifungwa. Jumatatu asubuhi Mwenyekiti alirudi na vijana wawili wa chama, vijana wa kupiga watu, na mkononi alikuwa na ule ukurasa, umekauka na kukakamaa kama ngozi. Alisimama katikati ya njia ya soko. Alisema buchari hii imeitukana serikali. Alisema ameikuta hotuba ya Mtukufu Rais imelala na mbavu za ng'ombe, na kwamba leo mlango huu utapigwa kufuli, leseni itachukuliwa, na Baba Nekesa ataandamana na vijana mpaka kituoni akaeleze nani aliyemtuma. Nekesa ndiye mimi. Nilikuwa nimetoka kuteka maji kwenye mfereji wa huko Shauri Moyo, debe kichwani, na nilipomsikia akilitaja jina langu pamoja na kituo cha polisi, maji yalinimwagikia shingoni sikuyahisi. Watoto wa buchari tulijua hesabu moja tu: buchari ikifungwa hatuli. Na mtu akipelekwa kituoni kwa neno la siasa, alirudi akiwa mtu mwingine, kama alirudi.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweka kisu juu ya gogo, akapangusa mikono, akasema, "Mwenyekiti, mimi sijui kusoma." Mwenyekiti akajibu kwamba kutojua kusoma si ruhusa ya kutukana. Vijana wakaanza kusogea. Watu walikuwa wamekusanyika, wauza nyama na visu vyao, wanunuzi, wapagazi, na kila mmoja alikuwa akitazama viatu vyake. Mimi siwalaumu. Mnyonge hana haki, wahenga walisema, ingawa siku hizi nadhani wahenga waliosema hivyo walikuwa wenye nguvu.

Ndipo mama akasimama. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo nilikumbukalo zaidi, alizungumza kama anayemuuliza mteja anataka kilo ngapi. "Mwenyekiti," alisema, "kosa ni langu, mimi ndiye ninayefunga. Lakini unipeleke nikijua nimekosa nini. Hebu tusomee hayo maneno niliyoyachafua."

"Wewe mama, hotuba uliisikia siku ya sikukuu."

"Nilisikia mwanzo. Huu ni ukurasa wa ndani. Leo tusomee na hayo mengineyo."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mwenyekiti angeweza kukataa, na nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini hakukataa. Nadhani ni ile sauti yake. Mtu aliyepewa sauti nzuri ni kama mtu aliyepewa farasi, hawezi kupita uwanja bila kumkimbiza. Pia alikuwa amekwisha kusema mbele ya soko zima kwamba maneno yale ni matukufu, sasa angesemaje hayafai kusomwa? Akaunyoosha ukurasa, ukalia kama kuni kavu, akaanza kusoma. Akasoma habari za barabara. Akasoma habari za kahawa. Halafu akafika mahali sauti yake ikapungua, akataka kuruka, na mama akamwambia polepole, "Hapo umeruka, Mwenyekiti, kidole chako kimepita mstari." Maana kufuata kwa kidole ndiko alikokujua.

Basi akasoma. Ukurasa ulisema kwamba masoko yote ya jiji yatavutiwa maji ya bomba, na kwamba viongozi wa kila tawi wamekwisha kuagizwa kuwaeleza wafanyabiashara na kuonyesha mahali bomba litakapowekwa.

Nilikuwa nimesimama pale na debe langu, shingo imelowa, mbele ya watu walioosha magogo yao kwa maji tuliyoyabeba sisi watoto kutoka nje ya soko, na kila mtu aliligeukia lile debe. Mama Halima ndiye aliyesema kwanza, na ulimi wa Mama Halima haukuwa na mfupa wala breki. "Mama Nekesa ameyatia damu," alisema. "Wewe Mwenyekiti, uliyameza."

Watu walicheka, safari hii bila kutazama mlango. Mzee mmoja akasema, "Rudia hapo pa maji." Mwingine akasema, "Rudia, tuko nyuma huku hatukusikia." Mwenyekiti akaukunja ukurasa autie mfukoni, lakini baba alikuwa amekwisha kumfikia. Aliupokea kutoka mikononi mwake kwa heshima, kama mtu anavyopokea mtoto, akarudi nao ndani, akautundika kwenye ndoano ya mbele kabisa, ile ya kutundikia paja zuri la siku. Akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mara moja. "Tulifanya kosa kufungia nyama kwa hotuba ya Rais. Kuanzia leo itakaa juu, watu waione. Mwenye mkono wa kuishusha aje aishushe."

Nani angeishusha? Vijana walimtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akalitazama koti lake. Kama kuilaza hotuba na mbavu ni matusi, kuing'oa kwenye ndoano ni nini? Alisema atarudi. Buchari haikupigwa kufuli siku ile, na baba akalala nyumbani. Ukurasa ulikaa kwenye ndoano yake, ukapata mafuta mpaka ukawa unapitisha mwanga, na wateja kutoka Umoja na kwingineko walikuja kuuliza ni nini, nami nikiwasomea kwa kukokoteza herufi. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma vizuri, baada ya shule kunishinda. Neno la kwanza refu nililolisoma bila kukwama lilikuwa wafanyabiashara.

Nisiwadanganye kwamba tulishinda, ingawa nimekutana na wazee wa Burma wanaosimulia hivyo. Bomba lililetwa, ni kweli, kabla ya masika, na Mwenyekiti ndiye aliyelizindua, akasoma hotuba yake mwenyewe. Lakini leseni zilipokwisha na kutolewa upya, ya baba haikuonekana, na buchari yetu ikapewa shemeji wa Mwenyekiti. Baba alitoka na visu vyake na gogo lake, akaanza kuuza supu ya kichwa kando ya barabara. Alizeeka haraka. Mama aliendelea kuteka maji kwenye lile bomba la sokoni, na hakuwahi kupanga foleni. Alipita mbele moja kwa moja na ndoo yake, na mtu akiguna humwambia, "Bomba hili nimelilipia kwa buchari, wewe umelilipia kwa nini?"

Siku hizi ninakaa Umoja, kwenye nyumba iliyoongezwa ghorofa juu ya ghorofa mpaka jua haliioni, pamoja na mjukuu wangu Nafula. Hotuba za marais zote anazo ndani ya simu, za huyu na za waliomtangulia, na zile za zamani nimeziona mjini zimefungwa vitabu vyenye herufi za dhahabu, vinauzwa chini ya turubai na hakuna anayevigusa. Picha ya Rais watu wanaifanyia mzaha asubuhi kabla ya chai, wanamchora masikio ya punda, wanatumiana. Nafula alinionyesha, nami nikacheka, uongo dhambi. Nimeipa siku ya leo haki yake: hakuna mtoto anayelala juu ya katoni ya hofu, na vijana hawa wameingia barabarani wakasimama mbele ya moshi wa kutoa machozi, jambo ambalo sisi hatukulifanya. Lakini hotuba ikianza, Nafula husikiliza dakika mbili, anatukana, anafunga simu. Mimi namwambia aifungue. Nataka kusikia mpaka mwisho, ahadi kwa ahadi.

Juzi alinichokea. "Shosh, kwani unapata nini? Nyinyi mlisikiliza mpaka mwisho, na mkanyang'anywa buchari."

Nikamwambia ndiyo, mjukuu wangu, tulinyang'anywa. Kumtukana mkubwa ni kazi nyepesi, hata mlevi wa Jumamosi huiweza, na mkubwa amekwisha kuizoea kama ng'ombe alivyozoea nzi. Mama yangu hakumtukana mtu. Alimwamini Rais, kwa sauti, mbele ya soko zima, akataka Mwenyekiti naye amwamini neno kwa neno. Hilo ndilo hawakulisamehe. Buchari waliichukua, na kama wanataka nyingine waje waichukue. Watatukuta tumekaa, tunawangoja wamalize kusoma.